Bill na Allie, kibanda cha viti tisa

Vuli ya 1927 ilipoingia Washington, biashara ya kibanda namba 3128 Mtaa wa 14, kaskazini-magharibi mwa jiji, ilianza kudorora. Kiangazi chote watu walikuwa wamepanga foleni juani wakisubiri soda ya mizizi ya A&W, senti 5 tu, katika kikombe cha kioo kilichotoka kwenye barafu. Sasa upepo ulikuwa wa baridi na hakuna aliyetaka kinywaji cha kuumiza meno. Mwenye kibanda, J. Willard Marriott, ambaye watu walimwita Bill, alikuwa na miaka 27. Mkewe Alice, yaani Allie kwa waliomzoea, ndiyo kwanza alikuwa anafikisha 20.

Allie alikuwa amesoma Kihispania chuo kikuu. Alikwenda ubalozi wa Mexico, akapiga soga na mpishi, akarudi na maelekezo ya kupika nyama ya pilipili na maharage pamoja na tamale, ule unga wa mahindi unaowekwa nyama ndani, ukafungwa kwenye ganda la hindi na kupikwa kwa mvuke. Mkataba wa A&W haukuruhusu kuuza chakula, kwa hiyo Bill akaomba ruhusa na akaipata. Majiko yakawekwa, kibanda kikabatizwa jina jipya, Hot Shoppe, na majira ya baridi hayakukifunga.

Mei 2027 kampuni iliyotokana na kibanda hicho, Marriott, inatimiza miaka 100. Masimulizi yake yaliyozoeleka humweka Bill mbele ya kaunta na mkewe jikoni, kama vile mmoja alianzisha na mwingine akasaidia. Ukizifuata hesabu na tarehe, utakuta nyumba moja yenye funguo mbili tangu siku za mwanzo.

Wote wawili walikuwa wajukuu wa safari ndefu. Mwaka 1847 Brigham Young aliwaongoza Wamormoni wa kwanza hadi bonde la Ziwa la Chumvi, baada ya waumini wa kanisa hilo kufukuzwa Missouri na Illinois. Katika miaka iliyofuata maelfu walifuata nyayo zao, wengine kwa magari ya ng'ombe, wengine wakisukuma mikokoteni kwa mikono. Ardhi waliyoifikia ilikuwa na wenyewe, Washoshoni na Wauti, jambo ambalo sherehe za waanzilishi hulipita haraka. Babu yake Bill, John Marriott, alikuwa Mwingereza aliyevuka bahari na nyika kwa ajili ya imani hiyo. Alikaa karibu na Ogden, kaskazini mwa Salt Lake City, na kijiji kikachukua jina la ukoo. Hapo ndipo Bill alipozaliwa tarehe 17 Septemba 1900, mtoto wa pili kati ya wanane. Allie alizaliwa Salt Lake City tarehe 19 Oktoba 1907, binti wa mwanasheria Edwin Sheets, naye wa uzao wa waanzilishi. Baba huyo alifariki binti yake angali mdogo.

Maisha ya shamba la akina Marriott yalikuwa ya viazisukari na kondoo. Akiwa na miaka 13 Bill alipanda saladi kwenye sehemu ya shamba iliyokuwa imelala bure. Mwisho wa msimu alimkabidhi baba yake dola 2,000. Mwaka uliofuata mzee alimpandisha kwenye treni peke yake na kondoo 3,000, awapeleke kuuzwa San Francisco. Mtoto wa miaka 14! Wazazi wa leo tungeshitakiwa. Hyrum Willard Marriott, baba mtu, alikuwa na mtindo wa kumweleza mwanawe kazi inayotakiwa na kumwachia njia ya kuifanya, na Bill aliendesha kampuni kwa namna hiyohiyo kwa upande mmoja tu: kazi aliieleza vizuri sana, ila kuwaachia watu njia yao kulimshinda mpaka uzeeni.

Alipotimiza miaka 19 kanisa lilimtuma New England kuhubiri kwa miaka miwili, kama lilivyowatuma vijana wengi wa Utah. Akiwa njiani kurudi nyumbani mwaka 1921 alipita Washington wakati wa joto la kiangazi. Jiji hilo limejengwa pembeni mwa mto na vinamasi, na joto lake ni la kutoka jasho hata ukiwa umekaa. Bill alimwona mchuuzi akisukuma mkokoteni wa vinywaji baridi, na mali yote ikaisha dakika chache tu. Picha ile aliondoka nayo.

Nyumbani alikuta balaa. Bei ya kondoo na mazao ilikuwa imeporomoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza na baba yake alikuwa amezama kwenye madeni ya benki. Bill hakuwa hata amemaliza sekondari. Mwalimu wake wa zamani, Aaron Tracy, alimsaidia kuingia Chuo cha Weber mjini Ogden, na kutoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Utah, ambako alihitimu mwaka 1926. Ada aliitafuta wakati wa likizo kwa kuwauzia wakata magogo nguo za ndani za sufu katika misitu ya magharibi. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika: mteja yuko juu ya gogo, ana shoka mkononi, na unataka apime nguo ya ndani.

Chuo Kikuu cha Utah ndipo alipomwona Allie Sheets, binti aliyemaliza masomo kwa daraja la juu akiwa na miaka 19. Bill alikuwa ameshapata haki ya kuuza soda za A&W katika jiji la Washington, na tarehe 20 Mei 1927 yeye na mshirika wake kutoka Utah, Hugh Colton, walifungua kibanda chenye viti tisa. Asubuhi ya siku hiyohiyo rubani Charles Lindbergh aliruka kutoka New York kuelekea Paris, kwa hiyo magazeti hayakuwa na nafasi ya kibanda cha soda. Siku chache baadaye Bill alikuwa amerudi Utah. Tarehe 9 Juni akafunga ndoa na Allie, wakapakia vitu vyao kwenye Ford Model T na kuelekea mashariki. Fungate yao ilikuwa siku 11 barabarani.

Walipofika, kila mtu alijua kazi yake bila kikao. Bill alikuwa mtu wa mbele: kununua, kusimamia, kutafuta eneo jipya. Allie alikuwa mpishi na mhasibu. Usiku, kibanda kikishafungwa, sarafu za senti 5 zilimwagwa mezani nyumbani, zimenata kwa sukari ya soda kiasi cha kushikamana, na Allie alizichambua, akaziosha na kuzihesabu kabla hazijapelekwa benki. Mwaka 1928 Colton aliuza sehemu yake na kurudi Utah kufanya kazi ya uwakili. Tangu hapo mali ilikuwa ya mume na mke.

Mwaka huohuo wa 1928 walifungua mkahawa ambao mteja alihudumiwa akiwa ndani ya gari, moja ya mikahawa ya kwanza ya namna hiyo mashariki mwa Marekani. Vijana wenye sare walikimbia kutoka jikoni na sinia lililobanwa kwenye mlango wa gari. Magari yalikuwa yanaongezeka kila mwezi na watu walikuwa na hamu ya kuonekana nayo, hivyo kula ndani ya gari ikawa starehe kamili. Kampuni ilisajiliwa mwaka 1929 kwa jina la Hot Shoppes, miezi michache kabla soko la hisa la New York halijaanguka.

Mdororo wa uchumi uliofuata uliua mikahawa mingi, lakini Hot Shoppes iliuvuka, tena ikiongezeka. Washington ni jiji la watumishi wa serikali. Mshahara ulikuwa mdogo lakini uliingia. Chakula kilikuwa cha bei ya chini, sakafu ilikuwa safi, na mapishi yaliandikwa kwenye kadi ili supu ya tawi moja isitofautiane na ya lingine. Bill alizunguka matawi bila taarifa. Alifungua majokofu, alipitisha kidole juu ya rafu kutafuta vumbi, alichungulia mapipa ya taka aone wateja wameacha nini kwenye sahani. Wafanyakazi walimwogopa na walimpenda kwa kiasi kinachokaribiana, maana mtu huyohuyo alikaa chini na muosha vyombo kumuuliza habari za mtoto aliyeugua. Aliamini mfanyakazi anayetunzwa atamtunza mteja. Wadogo zake Paul na Woodrow waliletwa kutoka Utah, na nyuma yao vijana wengine wengi wa kanisa. Baadhi ya watu walilalamika kwamba ilikuwa kampuni ya ndugu na jamaa, na hawakukosea sana.

Mwaka 1937 meneja wa tawi lililokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Hoover, upande wa pili wa Mto Potomac, aligundua kwamba abiria walipitia dukani kwake kununua chakula cha kula angani. Mashirika ya ndege wakati huo yaliwapa kidogo sana, au yasiwape kitu. Bill alikwenda kuzungumza na mashirika, na muda si mrefu gari la Hot Shoppes lilikuwa linapeleka maboksi ya chakula hadi kwenye ndege. Huo ndio mwanzo wa biashara ambayo baadaye ililisha abiria katika viwanja vingi duniani. Ilianzia kwa meneja mwenye macho. Uwanja wenyewe haupo tena, kwani eneo lile likawa sehemu ya makao ya Wizara ya Ulinzi, Pentagon. Kufikia 1939 kampuni ilikuwa inaendesha pia mgahawa wa wafanyakazi wa Wizara ya Fedha.

Katikati ya mafanikio hayo madaktari walimwambia Bill kwamba ana saratani ya tezi, ugonjwa wa Hodgkin, na kwamba asitarajie kuishi zaidi ya mwaka mmoja hivi. Wazee wa kanisa wakamwekea mikono. Alipona, akaishi karibu nusu karne zaidi, na yeye mwenyewe hakuwa na shaka ni nani aliyemponya. Lakini hofu ile ilibaki ndani ya nyumba. Vijana wawili wa familia, Bill Mdogo aliyezaliwa mwaka 1932 na Richard aliyezaliwa mwaka 1939, walikua na baba aliyefanya kazi kama mtu anayekimbizana na tarehe.

Utumishi wa Bill na Allie kwa jamii ulianzia kanisani. Wamormoni hawana mapadri wa kulipwa. Muumini huitwa, akakubali, akafanya kazi hiyo juu ya kazi yake. Kuanzia 1948 Bill aliongoza jimbo la kanisa la Washington kwa takriban miaka kumi, akisimamia waumini, michango na misiba huku akiongoza kampuni. Mwaka huohuo wa 1948 alikuwa rais wa chama cha taifa cha wenye mikahawa. Anayetafuta sababu ya kwa nini watoto wake walimwona kwa nadra ataikuta hapo.

Katika siasa, mwenye nguvu alikuwa Allie. Baada ya mama yake mjane kuolewa mwaka 1930 na Reed Smoot, seneta wa Utah na mmoja wa wakubwa wa chama cha Republican, Ikulu na Seneti zilikuwa mambo ya kuzungumzwa mezani. Allie alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya taifa ya chama hicho kuanzia 1965 hadi 1976, na alikuwa mweka hazina wa mikutano mikuu mitatu iliyoteua wagombea urais, ya mwaka 1964, 1968 na 1972. Yule binti aliyeosha sarafu za senti 5 sasa alikuwa anashika fedha za mkutano wa kitaifa. Aliongoza pia kamati ya ushauri wa sanaa ya Kituo cha Kennedy. Bill naye aliongoza kamati za sherehe za kuapishwa kwa Richard Nixon mara zote mbili, mwaka 1969 na 1973, na tarehe 4 Julai 1970, vita vya Vietnam vikiwa vimeigawa nchi, alikuwa mwandalizi mkuu wa mkusanyiko mkubwa wa kuienzi Marekani jijini Washington. Bob Hope alichekesha, Billy Graham alihubiri, na vijana waliopinga vita walikuja kuwazomea.

Urafiki na familia ya George Romney, aliyekuja kuwa gavana wa Michigan, ulikuwa wa karibu kiasi kwamba mtoto wa Romney aliyezaliwa mwaka 1947 alipewa jina la Willard. Dunia ilimjua baadaye kama Mitt.

Kuna ukurasa ambao vitabu vya maadhimisho hupenda kuufunua kwa ncha ya kidole. Juni 1960 wanafunzi, Weusi na Weupe, wengi wao kutoka Chuo Kikuu cha Howard, walikaa kwenye kaunta za mikahawa ya Arlington, Virginia, wakidai wote wahudumiwe. Hot Shoppes ilikuwa miongoni mwa mikahawa hiyo, na baadhi ya wanafunzi walikamatwa. Kabla mwezi haujaisha kaunta nyingi za Arlington zilikuwa zimefunguliwa kwa watu wote. Kanisa la familia lenyewe lilisubiri hadi 1978 kuwapa ukuhani wanaume Weusi. Bill na Allie walikuwa watu wakarimu wa zama zao, na upofu wa zama zao pia walikuwa nao.

Ugomvi mkubwa wa ndani ya kampuni ulihusu deni. Bill alikuwa amemwona baba yake akibanwa na benki, na kukopa kulimnyima usingizi. Mwaka 1953 kampuni iliuza hisa kwa umma, dola 10.25 kila moja, na zote zilinunuliwa ndani ya saa mbili. Januari 1957 hoteli ya kwanza, Twin Bridges, ilifunguliwa Arlington ikiwa na vyumba 365. Chumba kilikuwa dola 9 kwa usiku, na dola 1 kwa kila mtu wa ziada aliyeonekana ndani ya gari. Mgeni alijiandikisha bila kushuka, kisha kijana wa baiskeli akalitangulia gari lake kulionyesha mlango wa chumba. Mikahawa ilikuwa imewafundisha kumhudumia mtu kwenye usukani, na hoteli ikaendeleza mtindo uleule.

Bill Mdogo, aliyekuwa ametoka jeshi la majini na ndiyo kwanza anaanza kazi, aliomba akabidhiwe hoteli hiyo. Mzee alikubali kwa shingo upande. Kijana aliona kesho ya kampuni iko kwenye vyumba, na vyumba havijengwi kwa senti 5 za usiku. Mikopo ilihitajika. Walibishana miaka mingi, mara nyingine mbele ya watu, huku Allie akiwa katikati. Mwaka 1964 Bill Mdogo alipewa urais wa kampuni akiwa na miaka 32, na mwaka 1972 akawa mtendaji mkuu. Jina Hot Shoppes lilikuwa limeondolewa mwaka 1967, kampuni ikawa Marriott. Suala la pombe liliwaumiza zaidi. Familia isiyogusa kileo wala kahawa iliuza vyote viwili kwenye hoteli zake, kwa hoja kwamba mgeni asiyekuta baa atalala kwingine. Wapo waumini ambao hawakuridhika na hoja hiyo.

Fedha zilipotulia, zilirudi Utah kwa wingi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Utah, pale ambapo wawili hao walikutana, ina jina la J. Willard Marriott baada ya mchango wa dola milioni 1. Chuo Kikuu cha Brigham Young kina uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu wa jina hilohilo, na mwaka 1988 shule yake ya biashara, iliyopewa dola milioni 15, iliitwa kwa majina ya wote wawili, Willard na Alice. Wakfu wao ulioanzishwa mwaka 1965 nao una majina mawili. Katika kuta za taasisi, walau, Allie hakuachwa jikoni.

Bill alifariki tarehe 13 Agosti 1985 huko New Hampshire, alikokwenda kupumzika kando ya ziwa. Miaka mitatu baadaye Rais Ronald Reagan alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais, akiwa marehemu. Allie alibaki karibu miaka 15 zaidi. Aliiona kampuni ikigawanywa kuwa kampuni mbili mwaka 1993, moja ya kumiliki majengo na nyingine ya kuyaendesha, ambayo ndiyo Marriott International. Aliona pia mkahawa wa mwisho wa Hot Shoppes, uliokuwa Marlow Heights, Maryland, ukifungwa Desemba 1999, wateja wa zamani wakipanga foleni kwa mara ya mwisho. Alifariki tarehe 17 Aprili 2000, akiwa na miaka 92.

Afrika Mashariki iliijua kampuni hii kwa kuchelewa. Mwaka 2014 Marriott ilinunua Protea, kampuni ya Afrika Kusini yenye hoteli zaidi ya 100 barani, zikiwemo za Tanzania na Uganda. Mwaka 2016 hoteli ya Marriott ilifunguliwa Kigali, na mwaka huohuo ununuzi wa kampuni ya hoteli ya Starwood ukaileta Sheraton ya Kampala ndani ya familia hiyo. Kambi ya Masai Mara ikafuata mwaka 2023. Uongozi wa kila siku ulitoka nje ya ukoo mwaka 2012, Arne Sorenson alipokuwa mtendaji mkuu. Uenyekiti wa bodi haukutoka: tangu 2022 unashikwa na David Marriott, mtoto wa Bill Mdogo na mjukuu wa Bill na Allie.